Kiraka cha Nne

Sufiani alivua viatu mlangoni, akaingia katika chumba cha kulia cha Mwalimu Hafidha, na kuhesabu viraka vya rangi ukutani mara mbili. Jana aliacha vitatu. Leo vilikuwa vinne.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, fundi. Umeona?" Mwalimu Hafidha alikuwa amesimama dirishani na kikombe cha chai, uso wake ukiwa na furaha ya mtu aliyemsaidia mwenzake kazi bila kuombwa. "Jana alasiri ulipoondoka nilivitazama vile vitatu vyako mpaka macho yakaniuma. Hiki cha kwanza kimepauka kama ufizi wa mgonjwa. Cha pili peremende. Cha tatu usiniulize. Basi nikachukua kijiko, nikachanganya mwenyewe. Hicho cha nne ndicho ninachokitaka. Hicho hicho, fundi. Usiniletee ndugu yake wala binamu yake."

"Ulichanganya kwa kipimo gani?"

"Kipimo! Mimi nikipika mchuzi, chumvi naipima?"

Sufiani alicheka kwa sababu alijua anatakiwa kucheka. Kisha akasogea ukutani, akainama mbele ya kiraka cha nne kama fundi anayekagua kazi. Alichokiona pale kilikuwa rangi ya majivu yaliyomwagikiwa maziwa. Vile vitatu vya jirani navyo vilikuwa majivu, kimoja kizito kuliko kingine. Alikuwa fundi rangi kwa miaka ishirini na miwili, na katika maisha yake yote hakuwahi kuiona pinki hata siku moja.

Mtu mmoja tu duniani alilijua jambo hilo, naye ni mkewe, Mwaisha.

Sufiani alizaliwa Matombo, upande wa Uluguru ambako watu hupanda karafuu. Matumba ya karafuu huchumwa yanapoanza kuacha ukijani na kuingia wekundu mwepesi. Ukiwahi, hayana mafuta, ukichelewa, yamechanua. Watoto wenzake walitupa jicho kwenye tawi na kujua. Yeye aliona matumba yote yako sawa, akachuma yote. Msimu mmoja, alipokuwa na miaka kumi na mmoja, mjomba wake Kibwana alikimwaga kikapu chake mbele ya wachumaji wote, akayatenga mabichi kwa vidole, fungu likawa kubwa. Kwa Waluguru, mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake. Neno lake halikatwi. "Huyu hana macho," alisema Mjomba Kibwana, "ana matundu mawili ya kupitishia upepo." Watu walicheka. Tangu siku hiyo Sufiani hakumwambia mtu yeyote kile alichokiona au asichokiona.

Alipofika Morogoro Mjini akiwa kijana, alipata kazi ya kubeba ndoo za chokaa kwa fundi mmoja mzee aliyeitwa Yeremia. Chokaa ni nyeupe, na kwenye weupe alikuwa salama. Ila wateja walianza kutaka rangi, na hapo Mzee Yeremia akamfundisha kuchanganya kwa vifuniko vya soda. Lita moja ya rangi nyeupe, vifuniko vitatu vya rangi kali ya vichupani, koroga mara mia, andika. "Rangi mbichi huongopa," mzee alisema. "Jicho nalo huongopa. Kifuniko hakiongopi." Mzee alikuwa akimfundisha kama alivyowafundisha wengine wote, lakini Sufiani aliyashika maneno hayo kama mtu anayezama anavyoshika ukingo.

Bluu aliiona. Njano aliiona kama watu wengine. Nyekundu na kijani ndizo zilizomkimbia, pamoja na rangi zote zinazozaliwa nazo. Hizo alizifanya kwa daftari, kwa namba za kadi za dukani, na kwa Mwaisha, ambaye kila asubuhi aliangalia makopo na kuyataja. Mbele ya wateja alitumia utani. Kwa Mzigua au Mzaramo, watani wa kabila lake, angesema, "Haya, iite rangi hii tuone kama kwenu mnazijua rangi," na mteja angeitaja kwa jina akicheka. Kazi ilikwenda. Mtaa mzima wa Mafiga ulimjua kuwa fundi mcheshi.

Wiki hii Mwaisha hakuwepo. Alikuwa amepanda Matombo tangu Jumatatu kumuuguza mama yake, na simu yake haikupatikana.

Leo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi wageni wangeleta barua ya posa ya Mwanahawa, binti wa pekee wa Mwalimu Hafidha, na wangekula katika chumba hiki. Na leo hii, saa kumi, Mama Glory, jirani wa nyumba ya tatu, angekuja kuutazama ukuta. Mama Glory alikuwa amemaliza kujenga nyumba ya wageni yenye vyumba saba, na alikuwa akitafuta fundi. Vyumba saba ni kazi ya miezi miwili. Lakini Sufiani hakuwa akiviwazia vyumba saba tu. Aliwaza kwamba ukuta huu ukiharibika, mtu atauliza kwa nini, na swali hilo likishaanza kutembea Mafiga halitasimama.

"Ile uliyochanganya imebaki?" aliuliza.

Mwalimu Hafidha alimpa kopo la majarini. Ndani yake ilikuwa imebaki rangi ya kujaza viganja viwili, basi. Sufiani alilielekeza kopo kwenye mwanga wa dirisha. Katika yale majivu aliona kitu alichokifahamu.

"Umetia krimu. Ile iliyobaki ya ukumbini."

"Ewaa! Kijiko kimoja. Au viwili." Mwalimu alipiga kofi. "Jicho la fundi hilo! Na ule mwekundu nao utasema ni kiasi gani, si ndiyo?"

"Tutaona," alisema Sufiani.

Akaanza. Alichukua nusu lita ya nyeupe, akaitia vifuniko vya nyekundu kwa hesabu ya kiraka cha pili, akaongeza krimu kijiko kimoja, akakoroga, akapaka mstari kando ya kiraka cha nne. Akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa.

"Haya, Mzigua. Huko Dumila mngeiitaje hii?"

"Tungeiita imekolea mno. Wewe huoni?"

"Naona, mwalimu, ila ukuta ni wako."

Akapaka mstari wa pili, mwekundu ukiwa umepunguzwa kifuniko kimoja.

"Sasa imefifia. Fundi, saa nne hii. Mama Glory akija akute ukuta una michirizi kama punda milia?"

"Nyie watu wa bondeni mna haraka. Sisi tumezaliwa mlimani, kila kitu tunakipanda polepole."

"Ndiyo maana mguu wenu mmoja umekuwa mfupi," alijibu Mwalimu Hafidha, lakini hakucheka. Aliangalia saa ya ukutani.

Sufiani aliamua kubadili njia. Angechukua ile pinki nyepesi ya kiraka cha kwanza, ambayo kopo lake lilikuwa barazani, atie krimu kidogo, aone mwalimu atasemaje. Alitoka barazani, akasimama.

Makopo yalikuwa yamepangwa mstari mmoja, yanang'aa. Jana aliyaacha yana michirizi ubavuni na alama za penseli juu ya vifuniko. Mwalimu Hafidha, ambaye hakuweza kuvumilia uchafu nyumbani kwake wageni wanapokuja, alikuwa ameyaosha yote kwa sabuni na kisugulio cha chuma. Hapakuwa na alama hata moja.

Alifungua moja: nyeupe. Lingine: krimu. La tatu na la nne zilikuwa rangi nyepesi zinazofanana. Alilikumbuka kopo la kwanza kuwa karibu na nguzo, na lililokuwa karibu na nguzo ndilo alilolichukua. Alimimina kidogo kwenye bakuli, akatia krimu, akakoroga mara mia bila kuruka hata moja, akaingia ndani na kupaka mstari mpana kabisa, wa kujiamini.

"Na hii je?"

Mwalimu Hafidha aliutazama ukuta, akamtazama fundi, akautazama ukuta tena. Kisha akaangua kicheko mpaka akashika kiti.

"Kijani! Yarabi! Mwanangu analetewa posa, Mluguru huyu ananipakia ukuta rangi ya mlenda! Wakwe waje, wapakuliwe wali, waambiwe mboga iko ukutani, chovyeni!"

Sufiani alicheka naye. Ilikuwa rangi ya stoo ya jikoni, aliyoichanganya Jumanne. Alicheka kwa sauti kubwa, akipiga paja. Njia ya kujiokoa ilikuwa wazi mbele yake: mzaha, mzaha tu wa mtani, nani angeuliza zaidi?

"Haya, yameisha," alisema mwalimu akijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Ifute hiyo. Niletee pinki sasa, tufanye kazi."

Akaifuta kwa kitambaa. Akatoka barazani kwa mara ya pili.

Sasa hakuliamini tena lile la karibu na nguzo, lakini pia hakukumbuka kama alipolirudisha alilirudisha mahali pale pale. Aliyafungua yote mawili. Aliyainua moja moja, akapima uzito. Akainama akayanusa. Rangi hazinuki tofauti. Akachovya kidole kila kopo, akavilinganisha vidole viwili juani, na vidole vikawa mapacha.

Hakuwa na habari kwamba kicheko ndani ya nyumba kilikuwa kimekatika.

"Sufiani."

Mwalimu Hafidha hakuwahi kumwita kwa jina. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, kama alivyosimama mbele ya madarasa kwa miaka thelathini na tatu.

"Kopo la kushoto kwako ni rangi gani?"

Upande wa pili wa ukuta wa ua muuza mboga alipita akinadi mchicha. Sufiani alilitazama kopo la kushoto. Angeweza kubahatisha, nusu kwa nusu. Alifungua mdomo atafute neno la utani, na neno halikuja.

"Sijui, mwalimu."

"Hujui kwa vipi? Kopo si hilo?"

"Kwangu yote mawili ni majivu."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

Mwalimu Hafidha alikaa kwenye ngazi ya baraza. "Nyumba ya Shehe Abdulmajid, ile ya kijani, nani aliipaka?"

"Mimi."

"Kwa macho ya nani?"

Sufiani alitoa daftari mfukoni, akampa. Lilikuwa na kurasa zilizoloa na kukauka mara nyingi: mtaa, chumba, lita, vifuniko, tarehe. Mwalimu alilifunua taratibu. Alipomaliza hakuwa ametulia, alikuwa amekasirika.

"Kwa hiyo siku mbili kabla ya wageni nimeuweka ukuta wangu mikononi mwa mtu asiyeuona. Na umekaa hapo unanifanyia mzaha. 'Mzigua, iite hii.' Kumbe ulikuwa unaniazima macho bila kuniomba."

"Ndiyo, mwalimu."

"Ungeniomba!"

"Ungenipa kazi?"

Mwalimu aliligeuzageuza daftari. "Hapana," alisema hatimaye. "Nisingekupa." Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anajisemea, "Nilikuwa na mwanafunzi darasa la tatu. Kila mti alioupaka, majani kahawia. Nilimchapa. Nilidhani ananikejeli."

Sufiani alivifuta vidole vyake kwa kitambaa.

"Usidhani nimekusamehe," alisema Mwalimu Hafidha akisimama. "La kushoto ni pinki. Chukua vifuniko vyako. Mimi nitasema, wewe utahesabu."

Wakafanya hivyo. Hapakuwa na utani. Mwalimu alisema "imekolea" au "imefifia" au "bado," naye Sufiani aliongeza, akapunguza, akaandika. Mara moja mwalimu akapiga kelele kwamba wamefika, ndiyo yenyewe, paka. Sufiani akakataa.

"Ngoja ikauke."

"Nimekwambia ndiyo hii. Nani mwenye macho hapa?"

"Macho ni yako, mwalimu, lakini hiyo ni mbichi. Ikikauka itazidi."

Walisubiri robo saa, kila mmoja kwenye kiti chake. Wingu lilishuka kutoka mlimani, mwanga wa chumba ukafifia, kisha jua likarudi. Mstari ulipokauka ulikuwa umezidi. Mwalimu Hafidha aliutazama muda mrefu.

"Punguza nusu kifuniko," alisema.

Saa saba kasoro walipata. Kwa kila lita ya nyeupe, vifuniko vinne na nusu vya nyekundu na vijiko viwili vya krimu. Sufiani alipaka juu ya kiraka cha nne chenyewe, nusu yake, wakasubiri tena. Mwalimu alisogea mpaka pua ikakaribia ukuta, akatafuta mstari wa kukutania rangi yake na ile ya fundi. Aliutafuta kwa kidole.

"Siuoni," alisema. Halafu, kama aliyeshtuka kwa neno lake mwenyewe, "Yaani haupo."

Sufiani alichanganya ndoo nzima akihesabu kwa sauti. Alianza kuta tatu kwa rola, akaacha wa nne, wa mlangoni, uwe wa mwisho. Aliukunja mgongo, hakupumzika hata kula. Saa kumi kamili mlango wa nje ulilia, na sauti ya Mama Glory ikatangulia mwili wake.

"Hodi humu! Mmepika ukuta umeiva?"

Alikuwa mama mrefu, muuguzi mstaafu, mwenye funguo nyingi zilizofungwa kwenye ncha ya kitenge. Alisimama katikati ya chumba, akazunguka polepole.

"Hafidha! Mbona nzuri hivi? Pinki lakini haipigi kelele. Mtu akikaa hapa hata maharage atayala kama pilau." Akamgeukia fundi. "Sikiliza, baba. Mimi nina vyumba saba. Kila kimoja nakitaka na rangi yake. Na sipendi mambo ya namba za dukani, nimeshadanganywa. Nataka uchanganye mbele yangu, kwa jicho lako hilo hilo, niseme hapo hapo. Jumatatu unaanza?"

Sufiani alikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi. Alimtazama Mwalimu Hafidha. Mwalimu alikuwa akiangalia sakafu.

"Fundi atakueleza mwenyewe utaratibu wake," alisema mwalimu.

Mwaisha angerudi Jumapili. Angeweza kumleta Jumatatu, akamwita msaidizi, wangepanga ishara. Wamefanya hivyo mara nyingi. Ingewezekana hata kwa vyumba saba. Tatizo ni kwamba sasa ndani ya chumba hiki yupo mtu anayejua, na kila siku ya miezi miwili mtu huyo angekuwa akinyamaza kwa ajili yake.

Akashuka ngazi.

"Mama, kwa jicho sitaweza. Nyekundu na kijani sizioni. Pinki siioni. Ukuta huu nimeupaka kwa vipimo, na rangi ameichagua mwalimu."

Mama Glory alicheka, akasubiri wengine wacheke, hawakucheka. Akaushika upindo wa kitenge chake, akamsogezea usoni.

"Hapa?"

"Hiyo bluu naiona vizuri. Hayo maua ni nyekundu au kijani. Sijui ipi."

"Nyekundu," alisema Mama Glory. Akakiachia kitenge. "Fundi rangi!"

"Ndiyo, mama."

"Na ukuta huu uliupenda kabla hujajua," Mwalimu Hafidha aliingilia.

"Wewe nyamaza, nazungumza na fundi." Mama Glory aliuendea ukuta wa dirishani, akapitisha kiganja hewani karibu kabisa bila kuugusa. "Chumba changu kimoja kikichubuka baada ya mwaka, mgeni kagonga sanduku, utaweza kuirudia rangi yake?"

"Kwa daftari, ndiyo. Ile ile."

"Ile ile au binamu yake?"

"Ile ile."

"Aliyenipakia nyumba ninayokaa ana macho mawili mazima," alisema Mama Glory, "na sebule yangu ina viraka kama shuka la kambini." Akazipapasa funguo zake. "Vitatu. Nakupa vitatu kwanza. Kuchagua nachagua mimi, kupima unapima wewe, na kila hesabu unaniandikia nakala. Vikiniudhi, vinne vilivyobaki nampa mwingine, tusilaumiane."

"Sawa, mama."

Mama Glory alitoka barazani na simu sikioni. Sufiani alipanda tena ngazi, kwa sababu ukuta wa mlangoni ulikuwa bado na mwanga ulikuwa umebaki wa saa mbili tu. Alichovya brashi ndogo, akaanza kuvuta mstari chini ya dari, pale ambapo mkono ukitetereka kila mgeni huona.

"Nimepata fundi," sauti ya Mama Glory ilisikika wazi mpaka kwa jirani. "Eeh. Huyu wa Hafidha. Sasa sikiliza maajabu: pinki haioni. Haioni kabisa! ... Si mzaha, kaniambia mwenyewe ... Ndiyo, fundi rangi, nimesema fundi rangi ..."

Barabarani mtu alisimama kusikiliza, akauliza jambo, na Mama Glory akaanza kumsimulia huyo naye. Mwalimu Hafidha alinyanyuka afunge dirisha.

"Liache, mwalimu," alisema Sufiani. "Rangi inahitaji hewa."

Akausogeza mkono shubiri moja mbele, na mstari ukaenda nao, umenyooka.